Programu Iliyouliza Nani Anaimba

Siku simu ilipojisasisha yenyewe, Mkubwa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kiwanda cha kufulia, akila mkate mkavu harakaharaka kabla kengele ya mchana haijalia. Hedfoni alikuwa ameshaiweka sikioni, ya upande mmoja tu, maana ya upande wa pili ilikufa siku nyingi. Akabonyeza pale alipozoea kubonyeza akitaka muziki. Badala ya wimbo ikatokea picha ya msichana anayecheka, na maneno ya kumkaribisha afungue akaunti. Akafunga, akafungua tena. Msichana bado anacheka. Nyimbo zake zilizokuwa kwenye kadi hazikuonekana hata moja, pamejaa za watu asiowajua, na hizo nazo hazichezi kwa sababu hana bando.

Mkubwa hakuwa mtu wa kulia ovyo. Siku hiyo alilia, tena na mkate mdomoni, na kengele ilipolia akaingia zamu ya pili huku akijifuta kwa mkono wa sare.

Kwenye kadi ile ndiko ilikokuwa sauti ya pacha wake. Walizaliwa siku moja, yeye akitangulia kidogo tu, na ndiyo sababu nyumbani waliitwa Mkubwa na Mdogo. Hakuna aliyeweza kuwatofautisha isipokuwa mama yao, na hata mama ilibidi asubiri mmoja atembee. Picha yao waliyopiga pamoja watu waliitazama wakadhani mmoja kasimama karibu na kioo.

Kazi ya kiwandani waliipata kwa ujanja. Kiwanda kilikuwa kinafua shuka za hoteli na za hospitali, na kilitaka mtu mmoja wa kushika zamu zote mbili, ya asubuhi na ya mchana, kwa jina moja na beji moja. Kila aliyeajiriwa alikimbia kabla mwezi haujaisha. Ndugu hawa walisoma tangazo pale getini, wakatazamana, wakaangua kicheko. Mkubwa akaingia peke yake kuomba. Walipomuuliza kama ana ndugu, akajibu kwamba hana, mama yake alimzaa yeye tu, basi. Alisema hivyo akijiona mjanja kwelikweli.

Wakawa wanafanya hivi. Mchana kengele ya mapumziko ikilia, Mkubwa anatoka, anavuka barabara, anaingia kwenye choo cha kulipia. Mdogo yumo humo anamsubiri. Mkubwa anavua sare na beji, Mdogo anavaa sare ikiwa bado na joto la mwenzake, kisha anamkabidhi simu na funguo za nyumbani. Mmoja anakwenda kulala, mmoja anakwenda kazini. Mlinzi wa getini alimsifu sana binti yule. Alisema hajapata kuona mtu anayerudi kutoka kula akiwa mpya namna ile.

Simu walikuwa nayo moja, na ndani ya kiwanda haikuruhusiwa, kwa hiyo ilikaa na yule aliye nyumbani. Mdogo asubuhi alikuwa akijirekodi akiimba, ili Mkubwa akirudi akute wimbo. Mkubwa naye anamjibu kwa wimbo, Mdogo anausikiliza kesho yake akipika. Wimbo walioupenda kuliko zote waliutunga wenyewe kutokana na kazi. Shuka la kitanda kikubwa halikunjiki na mtu mmoja. Lazima wawili washike pembe, walinyooshe, halafu waendeane. Wao kazini hawakuwahi kulikunja pamoja hata siku moja, kila mmoja alikunja na mtu mwingine wa zamu yake. Ndiyo wakaimba:

*Vuta kwako, nivute kwangu, yasibaki makunyanzi,*
*njoo kwangu, nije kwako, tulikunje, tulipange.*

Kila mmoja aliurekodi peke yake, na sauti zao zilikuwa moja.

Zamu ya mchana ndiyo iliyokuwa na mapipa ya dawa ya kung'arishia. Asubuhi watu wanafua na kukamua, mchana wanainamia mapipa wakikoroga kwa miti, na mvuke unapanda. Mdogo akaanza kukohoa. Mwanzo kilikuwa kikohozi cha kawaida tu, kisha kikakaa, kisha kikawa kinamwinamisha. Akaenda kwa mnyapara kuomba ruhusa aende hospitali.

"Asubuhi nimekuona mwenyewe umebeba mafurushi mawili mgongoni, unapiga mluzi," mnyapara akamwambia. "Mchana huu ndiyo umekuwa mgonjwa? Usinifanye mtoto."

Mdogo akarudi kazini, maana aliyebeba mafurushi hakuwa yeye, na hilo halisemeki. Jioni alisimulia nyumbani, akamuigiza mnyapara na tumbo lake, wakacheka wote watatu, mama yao akiwemo. Hilo ndilo linalomuuma Mkubwa kuliko yote mpaka leo, kwamba walicheka.

Aliomba ruhusa tena na tena, na kila alipoomba, kesho yake asubuhi mnyapara alimwona Mkubwa akiruka na mafurushi, mzima wa afya. Mkubwa alijaribu kushika zamu zote mbili mwenzake apumzike, lakini jioni ya kwanza tu aliletwa nyumbani ameshikwa mabega. Mdogo akarudi kwenye mapipa. Alifariki nyumbani alfajiri moja, kitandani, akiwa ameshaandaa nguo za kwendea kazini.

Mkubwa akaenda kuomba ruhusa ya msiba.

"Umefiwa na nani?" mnyapara akauliza.

"Na dada yangu."

"Dada yupi? Si ulisema mwenyewe huna ndugu?"

Kwa hiyo siku ya mazishi alishika zamu ya asubuhi kama kawaida. Mapumziko ya mchana alikimbia makaburini, akawakuta watu wanakung'uta udongo kwenye majembe. Akasimama kidogo, akarudi kabla ya kengele. Tangu siku hiyo zamu zote mbili zikawa zake, na kilichomshikilia asianguke ni ule wimbo wa mchana kwenye sikio moja, juu ya ndoo, simu akiichukua kwa mlinzi saa ya kula. Sasa simu nayo imeleta msichana wa kucheka.

Jioni hiyohiyo alipita kwa fundi simu. Fundi huyo alikuwa na kibanda cha kioo pembeni ya duka la vitambaa, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Dada'ngu, hiyo programu iliyokuja na simu achana nayo," fundi akasema. "Hiyo siku hizi imekuwa duka, si redio. Wewe tafuta ya pembeni."

"Ya pembeni ndiyo ipi?"

"Iliyotengenezwa na watu wengine, si hawa wenye simu. Ziko kibao, mpaka zinaudhi. Sema unataka ifanye nini. Unataka ya besi nzito? Ya kuonyesha maneno ya wimbo? Ya kujizima ukipitiwa na usingizi?"

"Nataka ipige nyimbo zangu."

"Zote zinapiga nyimbo."

"Basi yoyote."

"Wateja wa yoyote ndio wagumu kupita wote," fundi akasema, lakini akaanza kuitafuta.

Ya kwanza aliyomwekea ilikuwa ya rangirangi. Nyimbo zote zilijitokeza, Mkubwa akashukuru, akaenda zake. Kesho yake mchana, Mdogo alikuwa amefika *njoo kwangu* akaingia mwanamke anayeuza magodoro. Mdogo akanyamaza. Mwanamke akayasifia magodoro yake mpaka akachoka. Mdogo akasikika akivuta pumzi. "Kamaliza?" akauliza, kisha akaendelea palepale alipokatizwa. Ikawa ndiyo tabia. Siku nyingine anauzwa mafuta ya nywele, siku nyingine mkopo, na kila mara Mdogo anangoja, na kila akirudi sauti yake inakuwa imechoka zaidi. Mkubwa akairudisha.

"Wanamkatiza," akamwambia fundi.

"Kweli, hiyo haina adabu," fundi akakubali. "Chukua hii. Hii haina matangazo, tena inasafisha. Kama ulirekodi kuna jogoo anawika, inamtoa. Kama jirani anagombana, inamtoa."

Ya pili ilikuwa nzuri, hakuna wa kubisha. Sauti ilitoka safi kabisa. Sufuria zilizokuwa zikigongana nyuma ya wimbo hazikusikika tena, na kikohozi, kilichokuwa kinakuja baada ya neno *makunyanzi*, nacho kikatolewa. Mkubwa alimsikilizisha mama yake jioni. Mama akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Kumbe amepona," akasema.

"Amepona, mama."

"Mungu ashukuriwe." Mama akalala mapema siku hiyo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Kesho yake programu ikaleta ujumbe. Ilisema imekagua kadi na kukuta nyimbo mbili zilizo sawa: maneno yale yale, sauti ile ile, urefu ule ule. Zinajaza nafasi bure. Je, ifute mojawapo? Mkubwa akazisikiliza zote mbili ili ajue ipi yake na ipi ya Mdogo. Akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili, akarudia ya kwanza. Hakujua. Kikohozi ndicho pekee kilichokuwa cha Mdogo peke yake, na kilikuwa kimesafishwa. Akakaa na kidole hewani mpaka kioo kikajizima, kisha akaenda kibandani bila hata kumalizia mkate.

Fundi alihangaika na simu ile jioni nzima kukirudisha kikohozi. Alikipata, akakiweka mahali pake, mstari wa kwanza mwishoni. Wakakisikiliza pamoja kuhakikisha.

"Ndicho?" akauliza.

"Ndicho."

"Pole, dada'ngu. Imebaki moja tu ya kukufaa, ila haina sura. Aliyeitengeneza hajulikani, na watu wengi inawakera. Inauliza swali."

Ilikuwa ya rangi ya udongo, haina mapambo, ina kitufe kimoja. Programu nyingine zote, chini ya kila wimbo wa Mkubwa, ziliandika *mwimbaji hajulikani*, zikaendelea na kazi. Hii haikukubali. Ilileta wimbo, ikauliza: *Nani anaimba?* Na bila jibu haipigi.

"Wengine wanaandika herufi yoyote ili iwaachie," fundi akasema.

Mkubwa hakuandika herufi yoyote. Aliandika jina kamili la mdogo wake, lile la kuzaliwa, ambalo halikuwahi kuandikwa kwenye beji wala mahali popote pa kazi. Aliliandika taratibu, akalisoma, akarekebisha kosa moja. Programu ikashukuru.

Kesho yake mchana alikaa juu ya ndoo akaupiga. Wimbo ulipofika kwenye kikohozi, Mdogo akatokea upande wa choo cha kulipia. Alivuka barabara akiangalia kulia na kushoto kama alivyofundishwa utotoni, ingawa kwa hali yake haikuwa na haja tena. Alikuwa amevaa gauni walilomzika nalo.

"Mbona umekaa?" akasema. "Njoo tubadilishane, kengele inakaribia."

"Mdogo wangu," Mkubwa akasema.

"Eeh."

"Kifua vipi?"

"Kimetulia siku nyingi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Miguu tu inamvimba."

"Mpe pole. Twende basi, tutachelewa."

Wakaenda wakabadilishana. Mikono ya Mdogo ilikuwa baridi kama maji ya bomba asubuhi, na vifungo vilimsumbua kidogo, Mkubwa akamsaidia. Mlinzi alimwangalia akipita getini.

"Leo umepauka," akamwambia.

"Nimekufa," Mdogo akajibu.

"Kazi hii itatuua wote," mlinzi akasema, akamfungulia.

Mkubwa alifika nyumbani akalala, kwa mara ya kwanza tangu msiba alilala mchana, usingizi mzito wa kutokwa mate. Alipoamka ndipo akakumbuka alichofanya. Amemtuma marehemu kazini. Alijishika kichwa akalia kwa sauti, na mama yake akaja akijikokota kutoka jikoni. Mkubwa akamweleza yote. Mama alisikiliza, akauliza:

"Amekula?"

"Sikumuuliza."

"Kesho muulize."

Kesho alimuuliza. Mdogo alisema hasikii njaa. Mkubwa akamwambia leo usiingie, twende nyumbani ukamwone mama, mama hawezi kutembea mpaka huku. Mdogo akamtazama kama anayesikia lugha ya kigeni. "Hii zamu yangu," akasema, akanyoosha mikono apewe sare. Siku iliyofuata Mkubwa akaigomea sare, akaikumbatia. Mdogo akasimama mikono imenyooka vilevile, na kadiri kengele ilivyokaribia akaanza kutetemeka, ule woga wa kuchelewa ambao ndugu hao wote wawili waliujua. Mkubwa hakuweza kuvumilia kumwona vile. Akampa sare.

Angeweza kuacha kuupiga wimbo, na aliacha, siku kadhaa. Alishika zamu zote mbili mpaka akaona giza mbele ya pipa na nusura atumbukie. Tena, tuseme ukweli, alitaka kumwona. Muda wa kubadilisha nguo ni mfupi, lakini ni muda. Aliutumia kumwangalia shingo, masikio, kovu la goti. Jioni, mlinzi alimsimulia, Mdogo alitundika sare kwenye msumari wa getini, akaaga kwa heshima, akashika njia ya makaburini.

Hatimaye Mkubwa akaamua kusema. Akaenda ofisini kwa mnyapara, akamkuta anakunywa chai, akamwambia kila kitu akiwa amesimama: kwamba tangu mwanzo walikuwa wawili, kwamba mmoja amekufa kwa kifua, na kwamba huyo aliyeko kwenye mapipa mchana huu ndiye aliyekufa.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," mnyapara akasema. "Kaa, binti, mbona umesimama? Wewe ukikunja shuka unaanza na pindo la juu. Mwenzako anaanza na la chini. Mtu habadiliki mkono kwa sababu amekwenda kula."

Mkubwa akakaa.

"Ulijua tuko wawili," akasema.

"Mimi si kipofu."

"Alipokuomba ruhusa aende hospitali, ukamwambia asubuhi alikuwa mzima. Ulijua si yeye."

Mnyapara akafikiri, akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba. Hakuonekana mtu mbaya. Alionekana mtu anayetafuta maneno sahihi.

"Jina lilikuwa moja," akasema. "Na asubuhi jina lilikuwa zima. Ningefanyaje?"

"Andika kwamba amekufa. Hilo tu. Andika kulikuwa na mtu hapa, akafa kwa dawa yenu."

"Niandike amekufa, na kila mchana yupo kazini? Tena hachelewi, hakohoi, hainui hata kichwa. Tangu aanze kuja hivi, shuka za hospitali hazijarudishwa hata moja." Akasogeza sahani ya mkate upande wa Mkubwa. "Lakini nisaidie jambo. Mlinzi kaniambia unampigia wimbo kwenye simu ndipo anakuja. Hiyo programu mnayotumia ni ipi? Nimejaribu ile ya rangirangi, inaniletea magodoro tu. Yule mama anayepiga shuka pasi anasema marehemu mume wake alikuwa hodari sana wa kazi."

Mkubwa hakumwambia. Lakini programu ilikuwa kwa fundi simu, na fundi simu hakuwa na sababu ya kumnyima mteja. Wimbo nao mnyapara aliupata bila jasho, maana simu za wafanyakazi zilishinda getini kwa mlinzi, na mlinzi alimrushia. Swali la programu halikumsumbua. Alimuuliza Mdogo mwenyewe jina lake, akaambiwa, akaandika.

Siku chache baadaye kikafungwa kipaza sauti juu ya geti. Kengele ya mchana ikilia, wimbo unafuata, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye duka la vitambaa, kikohozi na yote. Mdogo akawa anatokea akiwa tayari amevaa, kwa kuwa mnyapara alimshonea sare yake mwenyewe yenye beji ileile, muda usipotee chooni. Mnyapara huyo alimfafanulia Mkubwa kwa upole kwamba jina moja haliwezi kuwa ndani mara mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo yeye awe ameshatoka kabla mwenzake hajaingia. Ndugu wakawa wanapishana getini. "Mzima?" "Mzima." Basi.

Wafanyakazi wengine nao wakaanza kuleta sauti walizokuwa nazo. Mama wa kwenye pasi alileta ya mumewe akimwimbia mtoto. Mume akaja, akasimama kwenye pasi kubwa, na mama yule akahamishiwa nje kwenye kamba za kuanikia. Lile tangazo la kutafuta wafanyakazi likabanduliwa.

Nyumbani, mama alisikiliza habari hizi akisugua miguu yake kwa maji ya chumvi. Hakulaumu. Alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila jioni mpaka Mkubwa akakosa pa kukimbilia. Watu wote wanamwona mwanangu, alisema. Mlinzi anamwona, mnyapara anamwona, muuza vitambaa anamwona. Mimi niliyemzaa simwoni. Siku ya mapumziko kiwanda kimefungwa, hakuna zamu, hakuna wa kumdai. Mpigie hapa nyumbani, aje nimtazame.

Siku ya mapumziko ikafika. Mama aliamka akafagia mpaka uwanja wa jirani. Alitandika kitanda cha Mdogo shuka safi, akaketi pembeni yake akiliondoa vumbi ambalo halikuwepo. Alipika chakula anachokipenda Mdogo, akakifunika. Alivaa nguo yake nzuri. Mchana ulipofika, Mkubwa akaiweka simu juu ya meza, akafungua ile programu ya rangi ya udongo, akaupiga wimbo.

Mdogo akaimba, akakohoa, akaimba. Wimbo ukaisha. Wakatazama mlango.

"Njia ni ndefu," mama akasema.

Wakangoja. Mkubwa akaupiga tena. Mama akafunua chakula, akakigusa kama bado kina moto, akakirudisha jikoni, akakileta tena. Mtoto wa jirani alipita, mama akainuka nusu, akakaa. Mkubwa akaupiga tena, akaongeza sauti, kisha tena na tena, mpaka simu ikaomba chaji. Jua liliposhuka, mama alisema labda mtoto ana kazi nyingi huko aliko. Wakala wenyewe, na kile kitanda hakikulaliwa.

Kesho yake asubuhi mlinzi alimsimamisha Mkubwa getini.

"Jana mwenzako alikuwa na nini?" akamuuliza. "Nilikuwa zamu ya kulinda. Mchana akaja, nikamwambia kumefungwa, leo ni mapumziko, nenda nyumbani. Hakusikia. Akasimama palepale kwenye geti, ananyoosha mikono afunguliwe. Kila nikidhani anaondoka, anageuka, anarudi. Jua lote limemuishia yeye. Nilimpa kiti, hakukaa. Alikuwa anatetemeka, jamani, mpaka nikamhurumia."

Mkubwa aliyafikisha nyumbani maneno hayo kama alivyoyapokea, maana hakujua namna ya kuyapunguza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba maji, hakuyanywa.

"Tumemwita sisi," akasema.

"Hatukujua, mama."

"Mwanangu ana siku moja ya kupumzika, na sisi tukamwita." Akalia hapo alipokaa, kilio cha mtu mzima, bila kujificha, na Mkubwa akamshika.

Siku za kazi, kipaza sauti cha getini kinapiga wimbo kama kawaida, na Mdogo anakuja. Hakuna aliyeandika popote kwamba amekufa. Mkubwa anapishana naye, wanasalimiana. Jioni hausikilizi wimbo ule wala mwingine wowote, kwa kuogopa kubonyeza vibaya.

Siku ya mapumziko simu inazimwa tangu asubuhi. Mkubwa anafua nguo za nyumbani, mama anashughulika jikoni, na hakuna anayewasha hata redio. Wiki iliyopita Mkubwa alikuwa anaanika, akasikia mama akiosha vyombo ameanza kuimba taratibu, bila kujua, *vuta kwako, nivute kwangu*. Hakuwahi kumkemea mama yake maishani. Na siku hiyo hakuhitaji. Sahani ilianguka, na alipochungulia dirishani alimwona mama amesimama mbele ya karai, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili yenye povu, macho yameelekea barabara ya kiwandani. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Mkubwa akaja akamfuta.